Siku Nne Nilizonyamaza

Tunduma, Jumatano jioni

Yusta mwanangu,

Salamu tuziache, maana uko chumba cha pili na nakusikia ukigombana na zipu ya begi. Kumwandikia barua mtu aliye nyuma ya ukuta ni kituko, najua. Utauliza kwa nini nisikuite tu tukazungumza. Nimekuita mara tatu tangu mchana. Mara ya kwanza ulikuja nikakuuliza kama umekula. Mara ya pili nikakuuliza habari za tiketi. Mara ya tatu ukasema, "Mama, leo una nini?" nikakutuma chumvi dukani, na chumvi ilikuwepo. Ndiyo maana naandika. Nitaiweka barua hii pamoja na chakula chako cha njiani, uisome nikiwa sipo.

Habari za baridi ya Arusha, za kuficha hela na za wanaume wenye maneno matamu, shangazi zako wamekushauri wiki nzima, na mengine wameyarudia mpaka nikaona haya mimi. Sina la kuongeza huko. Nataka tuzungumze kuhusu jana.

Jana mjomba wako Ezekia alitoka Mlowo kuja kukuaga. Alivaa lile koti lake la kanisani, akakuletea karanga. Alipokuwa anaondoka ulimsindikiza hadi barazani, ukampa noti ya elfu kumi, ukamwambia, "Lakini isiende kilabuni, mjomba." Watu wote wakacheka. Naye akacheka. Aliikunja ile noti vizuri, akasema, "Asante, mwanangu, haitakwenda." Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika birika la chai. Mjomba wako huu ni mwaka wa sita hajaonja pombe, na mimi ninajua, na birika likabaki mkononi mwangu na mdomo ukabaki umefungwa.

Usijilaumu sana. Ulisema ulichokuwa ukikisikia tangu utotoni: kwamba mjomba alikuwa na shamba la kahawa na hoteli, akavinywa vyote. Mimi sikuwahi kuyatamka maneno hayo. Nilichofanya ni kuwaacha watu wayatamke, nami nikaendelea kumenya viazi. Miaka yote hiyo neno langu moja lingetosha. Sasa nalisema. Hoteli ile niliiangusha mimi, na nilijua itaanguka siku nne kabla kaka yangu hajaweka saini.

Wewe unakwenda kuajiriwa na watu wanaowashauri wenye hoteli: wajenge wapi, vyumba vingapi, wakope kiasi gani. Umesomea. Mimi sikusomea, ila kazi yenyewe niliifanya kabla sijajua kama ina jina. Unajua nilianzia mapokezi katika hoteli ya serikali kule Mbeya, nikiwa na umri kama wako. Enzi hizo mgeni ndiye aliyetubembeleza. Maji yakikatika tunamwambia yamekatika, basi, anakwenda kulala na vumbi lake. Halafu mambo yakageuka, mashirika yakaanza kuuzwa, hoteli ikapata mwenyewe, nasi tukapewa barua moja moja ya kwaheri. Nilirudi huku na elimu moja tu mkononi, kwamba chumba kitupu nacho kinakula, na hakina aibu ya kula.

Tunduma ilikuwa inachemka. Malori ya kwenda Zambia na Kongo yalipanga foleni hadi mtu anashindwa kuvuka barabara, na kila aliyekuwa na kiwanja alijenga gesti. Wengi walipanga bei kwa kuchungulia ya jirani. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Vwawa aliyetaka kuongeza vyumba kumi juu ya kumi alivyokuwa navyo. Nilimwambia asijenge hata kimoja, azibe paa linalovuja, anunue magodoro na awape wageni chai ya asubuhi yenye kitafunwa. Alinuna, lakini alifanya. Mwaka uliofuata alinitumia mbuzi. Jina likatoka hapo, nikaitwa Mama Mchanganuo, kwa sababu wenye gesti walipotaka mkopo, benki iliwadai mchanganuo wa biashara, nao walikuja kwangu niwaandikie.

Sasa nikueleze nilivyokuwa nahesabu wageni, maana humo ndimo nilimoanguka. Kitabu cha wageni kilikuwa hakisemi kweli. Mwenye gesti alikuwa na kimoja cha kumwonyesha afisa wa kodi na kingine cha kumwonyesha mkewe, na wageni wenyewe waliandika majina ya kubuni. Nikabuni njia yangu. Kwa baridi ya huku, alfajiri hakuna anayeoga maji ya baridi kwa hiari yake. Kila gesti ina mtu wa kuchemsha maji uani, na kila mgeni anagongewa mlango na kuwekewa ndoo yake. Ndoo moja, mgeni mmoja. Nilikuwa nafika saa kumi na moja, nakaa kwenye kigoda karibu na moto kama niliyekuja kuota, nahesabu ndoo. Vwawa njia hiyo haikunidanganya. Mlowo haikunidanganya. Nikaanza kujiona.

Kaka Ezekia alinijia wakati wewe uko darasa la tatu. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya, na lile shamba la Nanyala, ambalo babu yako alilipanda mche kwa mche, lilikuwa halilipi hata mbolea yake. Alikuwa amepata hati ya kimila ya shamba, imepigwa mhuri, akaja nayo imekunjwa ndani ya Biblia. Alitaka ajenge kitu hapa Tunduma. Na alikuwa na wazo lake tayari.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nimekaa pale barabarani siku tatu naangalia tu. Wale madereva shida yao si kitanda. Shida yao ni lori. Tungezungushia ukuta uwanja mkubwa, tukaweka geti na mlinzi, mabafu ya kutosha, na mama wa kupika ugali. Vyumba vinne tu, vya wenye magari madogo."

Nilicheka. Yusta, nilicheka kwa sauti mpaka wewe ukaja kuchungulia. Nikamwambia, "Kaka, hilo ni zizi, si hoteli. Wewe jua kahawa, haya mengine niachie mimi." Naye akacheka, akasema, "Haya, wewe ndiye unayejua." Ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa yeye kutoa wazo lake katika jambo lile. Mganga hajigangi, lakini mimi sikuwa hata mganga. Nilikuwa mtu aliyefurahi kuonwa mkubwa na kaka yake.

Nikaenda kuhesabu. Nilichukua gesti tatu zilizo karibu na foleni ya malori, wiki nzima, alfajiri kwa alfajiri. Moja ilikuwa na vyumba kumi na viwili, na ndoo zilizotoka zilikuwa thelathini na nane. Mtu mwenye akili angeuliza inakuwaje. Mimi nilitafsiri nilivyotaka: wageni wanalala watatu watatu, na wengine wanafukuzwa kwa kukosa nafasi, mji unalilia vitanda. Nikaandika ghorofa moja, vyumba ishirini na vinne vyenye choo na bafu ndani, na ukumbi wa mikutano. Ulikuwa mchanganuo mzuri kwa macho. Nilipigiwa chapa, nikaufunga kwa jalada la plastiki. Afisa mikopo wa benki alisema hajawahi kuletewa kitu kama kile kutoka mpakani, na kwamba wakishamaliza hili la kaka yangu wangependa niwe nawapimia michanganuo yote ya gesti, kuanzia Mlowo mpaka huku. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nadhani unakumbuka, tulikula kuku siku ya kazi.

Saini ilipangwa kuwa Ijumaa.

Jumatatu ya wiki hiyo nilipita kwenye ile gesti ya ndoo thelathini na nane kuchukua mwavuli niliousahau. Aliyekuwa anachemsha maji pale ni mama mmoja Mnamwanga, tulimwita Mama Furaha. Alinikaribisha kigoda, akaniuliza kitu ambacho nilikuwa nimekaa naye wiki nzima bila kumpa nafasi ya kukiuliza.

"Dada, kwani ulikuwa unahesabu nini asubuhi zile?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Hao unaowapelekea maji."

Alicheka mpaka moshi ukampalia. "Hao hawalali hapa, dada. Wanalala mu lori. Hapa wanalipia ndoo na bafu, wanaenda zao. Ukimwambia kuna chumba anakujibu, 'Ukusamba fye, mama.' Kuoga tu. Nani aache dizeli yake nje aje alale kwenye shuka?"

"Na vyumbani wanalala wangapi?"

Akafikiri, akahesabu kwa vidole. "Sita. Wakizidi sana saba."

Nilichukua mwavuli wangu, nikamshukuru. Nilitembea hadi nyumbani mvua ikininyeshea na mwavuli niko nao mkononi, sikuufungua.

Hizo siku nne nazikumbuka kuliko siku yangu ya ndoa. Jumanne nilikaa na kalamu nikaandika upya kila kitu, safari hii kwa wageni sita badala ya thelathini na nane. Mkopo haukulipika. Nikapunguza vyumba, haukulipika. Nikaondoa ukumbi, haukulipika. Kitu pekee kilichosimama kwenye karatasi ile kilikuwa uwanja wenye ukuta, mabafu na mama wa ugali.

Jumatano nilipanda gari hadi Nanyala ili nimwambie. Nakuapia, nilikwenda kwa nia hiyo. Nilimkuta na vibarua wawili wakipalilia, akawaita, akawaambia, "Huyu ndiye mdogo wangu niliyewaambia." Wakaniamkia kwa heshima kama mgeni wa wilaya. Kaka akanionyesha rangi aliyochagua kwa ajili ya kuta, kipande cha kadibodi kilichopakwa njano. Mkewe, Mama Daudi, alinipa chai. Hakuchangamka siku ile, nami sikuuliza kwa nini. Nikanywa chai yangu, nikaisifia ile njano, nikaaga.

Alhamisi nilijifundisha uongo. Nilijiambia kwamba madereva hawalali gesti kwa sababu gesti ni mbaya, na wakiona kitanda kizuri na choo cha ndani watatoka kwenye malori wenyewe. Mtu anayejidanganya anakuwa na kipaji, mwanangu. Hoja zinamjia bila kuzitafuta. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi: nikisema nimekosea, afisa mikopo atajua, ile kazi ya benki itapotea, na wenye gesti wote wa Mlowo na Vwawa watauliza kama na kwao nilihesabu ndoo. Niliona bora kaka yangu abebe hatari kuliko mimi nibebe aibu. Hata marehemu baba yako sikumwambia.

Ijumaa alisaini. Alivaa koti lilelile. Alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kushika kalamu, kisha afisa akasema anahitajika shahidi, na kaka akanigeuzia karatasi huku anatabasamu. Jina langu liko pale, Yusta, chini ya jina lake.

Hoteli ilifunguliwa kwa kwaya na pilau. Wiki za kwanza walilala ndugu na watu wa semina moja, basi. Kisha madereva wakaanza kuja mmoja mmoja kuuliza kama wanaweza kulipia kuoga. Kaka alinijia kuniuliza awakubalie au awakatalie. Hapo Mungu alinipa mlango wa pili wa kutokea, na nao nikaufunga. Nilimwambia awakatalie, eti hoteli itashuka hadhi. Nilikuwa nalinda nilichoandika. Akawakatalia, kwa sababu mimi ndiye niliyejua.

Mengine unayajua, ila umeyajua kichwa chini miguu juu. Deni lilimshinda, benki ikauza hoteli na shamba. Aliyenunua shamba aling'oa kahawa ya babu yako akapanda mahindi, na kaka alisimama barabarani akiangalia mashina yakichomwa. Mama Daudi akachukua watoto akarudi kwao Ileje. Pombe ilikuja baada ya hapo. Baada, si kabla. Naomba uuweke mpangilio huo kichwani, maana familia nzima inauhesabu vibaya, na mimi ndiye niliyewaachia.

Na ile hoteli bado ipo. Umeipita kila ulipotoka shule. Aliyeinunua alibomoa ukumbi wangu wa mikutano, akazungusha ukuta, akaweka geti na mabafu kumi na mawili. Jioni malori hayapati pa kugeuzia humo ndani. Kila nikipita naangalia upande wa pili wa barabara.

Benki nayo ilitimiza ahadi. Walisema mkopo wa kaka yangu uliharibiwa na usimamizi mbovu wa mkopaji, nami sikusahihisha. Nikapimia michanganuo ya watu kwa miaka saba. Ada yako ya sekondari ilitoka humo, na ya chuo, na begi unalogombana nalo. Sisemi hivyo ili uone kinyaa na elimu yako. Nasema kwa sababu wewe ndiye uliyefaidi, na yeye ndiye unayempa noti na onyo.

Unaikumbuka Krismasi ile ukiwa na miaka kumi na minne? Tulikuwa tumekaa mezani, mjomba wako ameshalewa kidogo, analalamika kuhusu mwenye nyumba aliyempangisha. Ukamwambia, mtoto mdogo vile, "Mjomba, ungemsikiliza mama usingefika hapa." Yeye akaniangalia. Hakuwa anajua kuhusu zile siku nne, lakini alijua vizuri sana kwamba alinisikiliza neno kwa neno mpaka mwisho. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Hapana, Yusta, alinisikiliza." Nikauliza nani anaongezewa wali. Naye akakujibu, "Ni kweli, mwanangu." Alinikinga mbele ya mwanangu mwenyewe. Majuto ni mjukuu, watu husema, lakini mimi yangu hayakungoja ukubwa huo. Yalianza mezani pale, na nimekaa nayo kila Krismasi.

Huko uendako watakufundisha njia nzuri kuliko kuhesabu ndoo. Utapewa kompyuta na majedwali. Siidharau njia yangu hata leo, maana kosa halikuwa kwenye ndoo. Mama Furaha alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu wiki nzima na jibu lote mdomoni, nami nilimwona kuwa sehemu ya jiko. Katika kila hoteli utakayoingia yupo mtu kama yeye, anayefua mashuka au kufungua geti, na mara nyingi mwenye hoteli hajawahi kumuuliza kitu. Kaa naye. Halafu muulize, usihesabu kimyakimya kama mwizi.

Na mwenye mali akikuletea wazo lake la kijinga, usicheke haraka. Amelala nalo muda mrefu kuliko wewe. Linaweza kuwa la kijinga kweli, yapo, nimeyasikia mengi. Kuna mtu wa Mlowo alitaka kufuga mamba kwenye bustani ya gesti. Lakini hata huyo nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa hakuwa kaka yangu. Kwa ndugu ndiko tunakovua adabu.

Ninalolihofia zaidi kwako siyo kukosea. Utakosea, kazi yenyewe ni ya kubashiri. Nahofia ile Jumatatu. Itakuja siku utakapogundua kwamba ulichokiandika, na kikasifiwa, si kweli, na hakuna mwingine anayejua. Siku hiyo utajikuta una akili nyingi sana. Utakuwa na sababu kumi za kusubiri kidogo. Mimi nilisubiri kidogo, na hivi sasa ninapoandika ni zaidi ya miaka kumi.

Leo asubuhi nilipokuambia naenda Vwawa, nilikwenda Mlowo. Sikulala vizuri kwa sababu ya ile noti. Nilimkuta mjomba wako ghalani, kwenye kazi yake ya kupima mazao. Alikuwa amekaa kando ya mizani, vijana wanapandisha magunia ya mahindi, yeye anasoma uzito na karani anaandika. Alifurahi kuniona, akadhani nimemletea ujumbe wako. Nikakaa kwenye gunia nikamwambia yote, nikaanza na ndoo nikamaliza na saini.

Alinisikiliza akiangalia mizani. Nilipomaliza akauliza, "Ulijua kabla?"

"Nilijua."

"Siku ngapi?"

"Nne, kaka."

Gunia likapandishwa. Akasoma, "Mia moja na mbili," karani akaandika, gunia likashushwa. Ndipo akasema, taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, "Wiki ile Mama Daudi alikataa. Alikuwa ameifunga hati kwenye pindo la kanga yake, haitoi. Alisema shamba la wazee haliwekwi benki. Nikamwambia, huyu ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja, angeona shimo angenishika mkono. Akaifungua kanga akanipa."

Ile chai ya Nanyala, Yusta. Nilikunywa chai ya yule mama naye ana hati kiunoni.

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la mahindi, wale vijana wanaangalia. Kaka akasema, "Inuka, mama Yusta." Sikuinuka. Nikamwomba anisamehe. Akanijibu, "Leo sina neno. Usinilazimishe neno." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Ningependa anitukane. Kisha akaniuliza kama wewe unajua, nikamwambia bado.

"Usimwambie," akasema. "Anakwenda kuanza kazi. Mtoto akimdharau mama yake, anakwenda na mzigo. Mwache aendelee hivyohivyo. Mimi nimeshazoea."

Niliporudi nilikuwa na maneno hayo mawili kichwani, mimi nimeshazoea. Mzee wa watu amezoea kudharauliwa na mtoto wa dada yake ili dada aheshimiwe. Nimemtii mambo machache sana kaka yangu maishani, na hili nalo nimemkatalia.

Sikuombi unisamehe. Sina haki ya kukuomba wewe kitu ambacho mwenyewe hajanipa. Ukikasirika, kasirika, ukiamua kwamba miaka yote uliyonisifia kwa wenzako ulikuwa unamsifia mtu mwingine, utakuwa umefika karibu na ukweli. Mimi ni yuleyule aliyekulea, na pia ndiye yule aliyekunywa chai. Ilibidi uondoke na wote wawili.

Kuna jambo moja tu nakuomba, na si kwa ajili yangu. Ukifika Arusha, kabla hujafungua begi, watu watakuambia umpigie mama ajue umefika. Usinipigie. Mpigie mjomba wako. Huna haja ya kumwambia umeisoma barua hii. Ongea naye tu, muulize habari za mahindi, na mwite mjomba kwa sauti unayowaitia watu unaowaheshimu, atatambua mwenyewe. Mimi nitakaa hapa. Nitajua umefika salama siku ambayo yeye ataamua kuniambia.

Mama yako